Safari Hii Nitageuka

Nabintu wangu,

Leo mvua haikati, na bwana wangu, Honorable, hajapiga simu. Nimekaa barazani naangalia ziwa, blanketi magotini, nikakumbuka lile blanketi letu moja kule Nyangezi, shuleni kwa masista. Ulikuwa unalivuta lote upande wako, halafu asubuhi unaapa: "Faida, ni weye ulinipa."

Nakuandikia kwa sababu moyo wangu umechoka. Daktari ameniambia kwa adabu nyingi, kama watu wanavyosema na bibi ya mkubwa, kwamba maji yameingia kwenye mapafu. Kwa padri nimeshaungama. Ila kuna jambo moja nililomwambia nusu, na nusu iliyobaki ni yako.

Unajua tulivyoolewa. Mimi na mwalimu wa hesabu, wewe na fundi wa barabara. Hatukuolewa na Honorable wala na Excellence. Hao wawili, Honorable wangu na Excellence wako, walikuja baadaye na politiki, wakaingia nyumbani bila kubisha hodi. Na tangu waliposimama kugombea kiti kimoja, mlango wangu ukapata walinzi, walinzi wakawa wanapeleka habari ya kila anayeingia. Hata simu yangu ilishikwa na sekretari. Wewe, uliyenifundisha kusuka nywele, ukawa "bibi ya adui".

Basi ukabuni misa. Misa ya kwanza ya Jumapili, mimi kwenye benchi yangu, wewe nyuma yangu. Padri akisema "Mupeane amani", nani angetukataza? Nilikuwa nageuka, unanishika mkono, unasema "Amani ya Kristo", halafu unaongeza la kwako chini chini. "Amani ya Kristo. Excellence amelala na kravati ku shingo." Jumapili nyingine: "Amani ya Kristo. Wangu jana amefokea umati muzima ku stade, kufika nyumbani akaogopa panya mu douche ya kuogea. Ni miye nilimufukuza." Nilitafuna midomo hadi komunyo. Niliishi kwa sentensi hiyo juma lote. Nyumba yangu ilijaa watu wa kampeni, wanakula jikoni, wanalala saloni, wanaimba jina lake. Lakini mtu aliyenijua alikuwa nyuma yangu kanisani.

Halafu ikaja Jumapili ya kitenge. Unakikumbuka: uso wa Honorable umechapwa kila mahali, kifuani, tumboni, na nyuma pale ninapokalia. Bamaman wawili wa ligi ya wanawake ya chama, ambayo mimi nilikuwa mkuu wake, walikuja kukaa nami, mmoja kulia, mwingine kushoto, na kitenge kilekile. Wa kulia akaninong'oneza: "Maman Présidente, bibi ya ule adui iko nyuma yetu. Leo tutaona."

Padri akasema mupeane amani. Watu wote wakageuka. Kwa pembe ya jicho niliuona mkono wako juu ya benchi, na pete yako nyembamba. Nilijua una neno, maana nilisikia pumzi ile unayovuta kabla ya kucheka. Nikaangalia altare. Mkono ukakaa pale. Wakaanza kuimba Mwanakondoo, mkono ungali pale. Halafu haukuwapo tena.

Watoto wangu, na padri pia, nimewaambia kwamba nilikuwa na hasira, kwa matusi ambayo bwana yako alimtupia wangu redioni. Ni uongo, Nabintu. Sikuwa na hasira hata ya kujaza kijiko. Nilipenda kuitwa Maman Présidente. Nilipenda watu wasimame nikiingia, na gari linisubiri nje. Niliogopa wale wawili wataenda kumwambia Honorable, na yeye ataninunia mezani. Ni kwa hayo tu.

Mwaka haukuisha, wanaume wetu wakaingia chama kimoja cha muungano. Mimi nilijulia kwenye picha: wako kando ya ziwa, visamaki vya sambaza vya kukaanga na chupa za bia katikati yao, wanacheka mpaka magego yanaonekana. Jioni nikamuuliza wangu. Alikuwa anavua viatu, hata hakuinua kichwa. "Faida, politiki ni politiki. Weye ulibeba mambo ku roho."

Nilitaka kuja kwako siku ileile. Gari lilikuwapo. Aibu ndiyo iliyokataa kupanda. Nawe ukahamia misa ya jioni. Kwenye sherehe watu wa protokole walikuwa wanatuweka bega kwa bega, mstari wa bibi za wakubwa, tunasalimiana kwa kugusanisha vichwa mara tatu mbele ya kamera. Ulikuwa unanukia sabuni ileile ya ujana. Hukuniambia neno. Nami ningeomba neno kwa mdomo gani?

Kisha vita ikafika mjini. Wao walikuwa wameshapanda ndege. Kule Kinshasa wamepanga nyumba mtaa mmoja, wanakula sahani moja. Sisi tukaachiwa kuchunga nyumba, kila mmoja yake, bonde moja tu katikati yetu. Kila asubuhi nilitazama paa lako kama limetoa moshi. Asubuhi moja niliona watu wengi uani kwako.

Excellence hakuweza kuja kukuzika, uwanja wa ndege umefungwa. Alituma sauti, na binti yako Ansima akashikilia simu kwenye mikro ili kanisa lote lisikie. Alitaja vyeo vyake vyote, kimoja kimoja. Kwamba ulikuwa mcheshi, hakutaja. Mimi nilikuwa benchi ya mwisho na fimbo yangu. Honorable alikuwa ameniagiza: "Uende kwa jina yangu." Nilienda kwa jina langu.

Padri akasema: "Mupeane amani." Nikageuka, Nabintu. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta.

Niliporudisha uso, Ansima alikuwa ameacha jeneza, anakuja katikati ya kanisa, watu wanampisha. Akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Ana vidole vyako. "Amani ya Kristo, maman Faida. Maman alinituma. Alisema nikuambie hivi, nisipunguze kitu: Ukae polepole, Honorable anakosa pumzi." Halafu akaniuliza kwa huruma: "Ni maneno ya ugonjwa, sivyo?"

Nilicheka. Mbele ya jeneza lako nilicheka kile kicheko cha Nyangezi, machozi yanaingia mdomoni, mpaka wakanishika wanikalishe. Walidhani akili imenitoka. Kumbe ndilo neno lililokuwa mkononi mwako Jumapili ya kitenge. Ulilitunza miaka yote hiyo, wala halikuchacha.

Kitenge kile nilitaka kukichoma. Sikichomi tena. Nimekata kile kipande cha nyuma, chenye uso wa Honorable, nimemshonea Ansima mto wa kiti. Nimemweleza yote, naye amecheka kama wewe, kwa pumzi ile ile kwanza.

Lala salama, dada yangu. Nadhani sitakawia. Huko uliko, nishikie benchi ya mbele yako. Ninakuahidi jambo moja: safari hii nitageuka kabla padri hajasema. Na neno langu liko tayari. Linahusu panya.

Faida wako