Hapa Mkavu Hasemeshwi

Kambi ya Wajenzi,
Chumba cha mwisho, karibu na bomba.
Jumapili, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani. Goti je, bado linakusumbua ukiinuka? Mimi mwili haujambo, ila moyo umechoka kuliko mgongo, na mgongo wa mbeba saruji unaujua mwenyewe.

Huku tuna lugha yetu, Shangazi, ungeisikia ungecheka mpaka ukae chini. Anayeitikia amina kabla sala haijaisha ili awahi foleni ya chakula ni "amina-mbio". Anayeinua uso juu ili msimamizi amwone anasali, huyo "anapaka dari". Mtu akikusalimia kwa upole wa ghafla, hiyo ni "salamu ya sabuni". Sabuni yake imeisha, anaitaka yako. Mtunzi wa maneno haya ni shemeji yako, msimamizi wetu, ambaye pia hutuongoza sala kila jioni.

Lakini lipo neno lisilochekesha: "mkavu". Ni mtu asiyefika kwenye sala ya jioni. Mkavu hasalimiwi, haitwi kula, na akipita watu hugeukia ukuta.

Jirani yangu wa kitanda, tunayemwita Rula kwa jinsi anavyotembea amenyooka, alifiwa na mtoto huko kwao. Akaacha kuja kwenye sala. Alisema kwa sasa hana la kumwambia Mungu. Kesho yake akawa mkavu.

Sasa nisikilize vizuri. Kazini mizigo hushushwa kwa kamba na kapi, na aliye juu hupiga kelele "Chini!" ili walio chini wakimbie. Jumanne ndoo ya kokoto ilichomoka. Aliyekuwa juu aliiona, akamwona na Rula chini yake, akafunga mdomo. Bega la Rula likavunjika. Nilipomuuliza yule wa juu kwa nini hakupiga kelele, alinijibu bila kupepesa macho: "Kumpigia kelele si ndiyo kumsemesha? Mkavu hasemeshwi, bwana."

Nilimpa Rula maji, nikamfunga bega kwa shati langu. Jamaa wakaangua kicheko: "Haya, bwana harusi kapata mchumba! Mahari utalipa kokoto?" Jioni nilikaa naye, sikwenda kwenye sala. Basi. Tangu hapo hata anayepakua chakula huniruka kama nguzo. Na kuanzia kesho nimepangwa chini ya kapi.

Shangazi, Mungu sijamwacha. Namwomba mfuko wa saruji ukiwa kichwani. Nikirudi kwenye sala leo watanipokea, watanipigapiga mgongo na kucheka. Lakini itabidi niitikie amina bega kwa bega na yule aliyenyamaza. Nimejaribu, nikafika mlangoni, nikageuka nikarudi.

Ningeshatoroka, ila nakufikiria wewe. Ndiwe uliyemwangukia shemeji yako anipe kazi, na nikiondoka kienyeji atakusimanga kila mkikutana. Simu ya kambi iko mezani kwake, ndiyo maana naandika.

Barua hii anakuletea Rula mwenyewe. Anarudi kwao, na gari lake linapita hapo kwetu. Naomba umpe kiti, Shangazi, umpe chai, umsemeshe. Zungumza naye chochote, hata habari za kuku. Kisha litazame lile bega, uniambie kama bado unataka nibaki. Mpaka jibu lako lifike nitafanya kazi shingo ikiwa juu, macho kwenye kapi.

Nisalimie Bibi, Mjomba fundi cherehani, na wale pacha wa mdogo wangu. Mama usimwambie kitu, mwambie nanenepa.

Mungu akulinde, akuachie nguvu za magoti na wepesi wa moyo.

Ni mimi mwanao, nikupendaye na ninayekungoja,
Kifungua Mimba wa kaka yako.