Mishumaa ya Harusi Ndani ya Mtutu

Vårby gård, Jumamosi, Novemba 1974

Na bado sijamwambia. Huku ugenini theluji ya kwanza imeanguka asubuhi, ikayeyuka kabla sijamaliza kuishangaa, na mimi nimekaa jikoni na kalamu, roho juu juu, bado sijamwambia.

Elia wangu yuko nje kwenye roshani. Namwona kupitia kioo, amevaa kofia ya sufu niliyomfumia mwenyewe, sikio moja refu kuliko jingine, naye huivaa hivyo hivyo mpaka kiwandani mjini Södertälje bila kuona haya. Wiki tisa za ndoa na bado nikimwona nashikwa na kizunguzungu kama msichana wa darasa la saba. Leo kizunguzungu kimechanganyika na hofu.

Anasugua mtutu wa bastola yake kwa brashi ya shaba. Anasugua, anauelekeza kwenye mwanga, anachungulia, anatikisa kichwa, anasugua tena. Kwenye gazeti lililo mbele yake vimejaa vipande vya kijivu, vyembamba kama magamba ya dagaa.

Ni kosa langu.

Niandike tangu mwanzo, labda nitapata ujasiri. Elia ni mwanachama wa klabu ya shabaha, na vichwa vya risasi hanunui. Huvisubu mwenyewe hapo roshani: huyeyusha vile vizito vya kusawazishia magurudumu ya magari, akamimina kwenye kalibu, vikatoka vinang'aa kama samaki wadogo. Kila kichwa kina mifereji kiunoni, na mifereji hiyo lazima ijazwe grisi, la sivyo kichwa kikipita kikavu ndani ya mtutu kinaacha ngozi yake humo. Kazi ya grisi ni yangu. Niliiomba mwenyewe, Jumapili ya kwanza baada ya fungate. Tunakaa mezani, yeye anapima, mimi napaka kwa kidole, redio inaimba, halafu tunanawa mikono mara mbili mbili kwa sabuni kwa sababu yale madini ya risasi yana sumu. Jamani, nani alijua mtu anaweza kuwa na furaha kiasi hicho akiwa na mafuta mpaka kwenye viwiko?

Grisi yetu ilikuwa nta ya nyuki na mafuta ya kondoo. Nta niliibeba kutoka nyumbani Tabora, bonge zima la baba yangu, ambaye amefuga nyuki maisha yake yote. Wiki mbili zilizopita bonge likaisha. Nikafungua kabati, nikaona vipande viwili vya mishumaa ya harusi yetu.

Nikajiambia nta ni nta. Tena hii imebarikiwa! Nikaiyeyusha, nikachanganya, nikapaka, vichwa vikatoka vyeupe kama meno. Nilitaka kitu cha siku yetu kiende naye kule uwanjani. Sikusema neno, nilitaka iwe siri yangu tamu.

Binti wa mfuga nyuki, nikasahau kuwa mishumaa ya dukani si nta ya nyuki. Baba akisikia ataficha uso.

Jumatano alirudi kutoka uwanjani na habari mbaya. Risasi za kwanza zilikwenda vizuri, akasema, halafu zikaanza kutawanyika, mwishoni hata ubao zilikuwa zinaukosa. Alipochungulia mtutu, mifereji ya ndani, ile inayoizungusha risasi, haikuonekana, imefunikwa na madini. Na Jumapili ya wiki ijayo klabu inachagua watu wanne wa kwenda kushindana na klabu nyingine. Kwa mwaka mzima amekuwa akingoja siku hiyo.

Alhamisi, alipokuwa kazini, nilivichukua vichwa vilivyobaki nikavikwangua kwa ukucha. Ile nta ya mishumaa ilikuwa imekauka na kupasuka, inadondoka kama ganda la yai. Mifereji mitupu. Nikajua.

Lakini yeye anailaumu bastola. Anasema matundu sita ya silinda, pale risasi zinapokaa, huenda ni membamba mno, yanakibana kichwa kabla hakijafika kwenye mtutu, kikifika kinapwaya na moto unapenya pembeni. Jumatatu anaipeleka kwa fundi ayapanue. Yeye mwenyewe ni mtu wa mashine, ndiye aliyenifundisha kwamba chuma kikishakatwa hakirudi.

Leo asubuhi nimempigia simu Mwanaidi, rafiki yangu wa Tanga anayekaa huku huku, Sundbyberg. Nilitaka anionee huruma. Badala yake amecheka mpaka akakohoa.

"Shoga! Umempaka mume mishumaa?"

"Si yeye, risasi zake."

"Na unaogopa nini, atakurudisha Tabora kwa posta? Mwambie leo hii. Na usilie, utatia chumvi kwenye chai."

Kwake ni rahisi, ana miaka kumi na mbili ya ndoa. Mimi sijawahi kumwona Elia akikasirika. Sijui hasira yake ina sura gani. Hilo ndilo linaloniogopesha: nimeolewa na mtu ambaye sijui hasira yake.

Ngoja niende.

Saa tisa na nusu alasiri, jua la huku limeshazama

Nimemwambia. Nimesimama mlangoni na vikombe viwili vya chai, nimesema yote kwa pumzi moja, mishumaa, baraka, Alhamisi, ukucha. Ameweka brashi chini.

"Najua, Vero."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Niliona ule weupe tangu Jumapili ile ulipovipaka," akasema. "Nikavinusa, vikanuka kanisa. Lakini ulikuwa unaimba. Nikasema, aa, zitakwenda tu."

"Na fundi je? Matundu?"

Akaangalia chai yake. Akasema alifikiri fundi akiyapanua kidogo, labda bastola ingeivumilia grisi yangu.

Yaani mwanamume huyu, anayepima hata kipande cha mkate, alikuwa tayari kukata chuma chake na kukosa mashindano ili mimi niendelee kuimba. Nilimkumbatia, chai ikatumwagikia wote wawili. Halafu nikapata hofu mpya, kubwa kuliko ile ya asubuhi. Mimi nilinyamaza kwa woga, yeye akanyamaza kwa upendo, na mtutu ukaziba vilevile. Je, tutafika wapi hivi? Na siku kitu kitakachoziba si mtutu?

Nikamwambia hivyo. Akaonja chai iliyobaki, akasema, "Basi tuanze leo. Chai yako ina tangawizi nyingi mno." Wiki tisa! Nimemtia ngumi begani.

Mchana wote tumefanya kazi. Vichwa vilivyobaki tumevitia kwenye maji ya moto, kwenye sufuria lake, si langu, mpaka mishumaa ikaelea juu, tukavikausha. Nta safi ya nyuki nimenunua kwa muuza asali wa sokoni. Kisha akajaribu kupitisha kichwa kwenye kila tundu la silinda. Kwa kusukuma kidogo kwa kidole, vyote sita vimepita vikigusa ukingo: havibanwi, wala havidondoki vyenyewe. Matundu hayana kasoro. Kwa fundi haendi. Baruti atapunguza kidogo, na baada ya kila risasi kumi na mbili atachungulia mtutu kabla madini hayajajikusanya.

Kama itatosha, sijui. Jumapili ya wiki ijayo itasema yenyewe.

Nimemwahidi kitu. Kabla mwezi huu haujaisha nitakwenda naye uwanjani, nisimame nyuma ya mstari, nizibe masikio, nione ni nini hasa nilichokuwa nikikipaka mafuta. Nikiogopa, nitamwambia papo hapo kwamba naogopa.