Nilimchora Baba Mkwe Kona Kichwani

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni kinyozi, na mambo yangu yameharibika, kwa hiyo naomba unisaidie haraka kwa sababu harusi yangu imesimamishwa na aliyeisimamisha ni baba mkwe, na sababu yenyewe nikikuambia utadhani natania, ni kona, kona ya mbio za magari, ile ya mzunguko wa mwisho ambayo watu bado wanaibishania mpaka leo.

Nianzie mwanzo. Baba mkwe wangu mtarajiwa ni mwalimu wa udereva aliyestaafu, nusu ya madereva wa mji huu wameshikia usukani kwake na wote bado wanamwogopa, na kabla sijamjua binti yake nilimjua yeye, kwa sababu alikuwa anakuja dukani kwangu kuangalia mbio, maana nyumbani mama mkwe hataki makelele ya injini, na binti ndiye aliyekuwa anatumwa kumwita akale, akaja mara moja, akaja tena, mwishowe akawa anakuja hata siku ambazo hakuna mbio na baba yake hayupo. Mzee hakukasirika, alifurahi, alisema afadhali mkwe anayejua kuangalia mbio kuliko msomi anayesinzia. Tofauti yetu ilikuwa moja tu na tulikuwa tunaicheka: mimi ni shabiki wa dereva wa gari la bluu, pale dukani tunamwita Chuma, na yeye ni shabiki wa dereva wa gari jeupe, huyo tunamwita Bwana Subira.

Sasa siku hiyo ya Jumapili, mzunguko wa mwisho, Bwana Subira anaongoza, Chuma yuko mgongoni kwake, wanaingia kona ya kushoto, Chuma anachomeka gari upande wa ndani, na hapa Mshauri naomba unielewe vizuri, tairi lake la mbele lilikuwa limeshafika usawa wa tairi la mbele la mwenzake, kila mwenye macho aliliona, lakini Bwana Subira akamfungia njia kana kwamba barabara ni ya baba yake, wakagusana, gari jeupe likaenda kulala kwenye changarawe, Chuma akamaliza wa kwanza, na mimi nikaruka mpaka nikagonga kichwa kwenye rafu ya mafuta ya nywele. Furaha yangu haikufika mbali. Waamuzi wakakaa, wakatazama marudio, wakampa Chuma adhabu ya sekunde kumi, akashuka mpaka nafasi ya sita, na nikikumbuka hilo mpaka leo chakula hakipiti.

Jumatatu asubuhi mzee akaja kunyoa, kwa sababu jioni ileile ndiyo ilikuwa kikao cha familia mbili cha kupanga harusi. Alitaka nimpunguze pembeni tu, juu haguswi, ana nywele nyeupe nzito ambazo wazee wenzake wanamwonea wivu, na yeye anajua kwamba wanamwonea wivu. Nikamfunga kitambaa, nikawasha mashine, na mazungumzo yakaanza. Akasema waamuzi wamefanya kazi safi. Nikaendelea kunyoa. Akasema tangu aanze kufundisha hajawahi kumpitisha mwanafunzi anayelipita gari la mwenzake kwenye kona. Nikamwambia baba, yale ni mashindano, pale hakuna mtu anayefanya mtihani wa kuegesha. Akasema, "Sheria ni sheria, kijana. Huyo wako ni mhuni." Damu ikanichemka, nikamwambia baba, tatizo ile kona huijui, inajikunja mara mbili. Akasema, "Inajikunja wapi? Nionyeshe."

Mshauri, alisema nionyeshe, naomba hilo ulizingatie. Mimi nilikuwa na mashine mkononi, inaunguruma, na mbele yangu kuna kichwa, nikasema baba, wanakuja hivi, nikaanzia sikioni nikapanda nayo, hapa wanafunga breki, hapa inajikunja, Chuma yuko ndani huku, na Bwana Subira huyu hapa nje, nikarudi nikachora njia ya pili ili aone kwamba nafasi ilikuwa inatosha magari mawili. Siku hiyo nilikuwa naeleza vizuri kweli. Nilipofika kwenye changarawe ndipo nikaona nywele nyeupe zimejaa begani kwake, na mteja aliyekuwa anasubiri zamu mdomo wazi.

Nikataka kusawazisha, mashine ikaisha chaji. Wakati nahangaika kutafuta waya, mzee akachukua kioo cha mkononi, akajitazama, akageuza kichwa huku, akageuza kule, nikajua leo napigwa. Akasema kwa upole kabisa, "Na hata hivyo umeichora vibaya." Nikamwambia nisamehe baba, nisamehe sana, nywele zitaota, lakini kona ndivyo ilivyo. Akasema basi asiguse mtu hapo, huo ni ushahidi, na ushahidi hauguswi mpaka waamuzi wamalize kazi yao. Akatoka.

Jioni akaja kwenye kikao, nyumbani kwetu, amevaa kofia ya sufu, kwenye joto lile, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola. Shangazi yangu, ambaye hana habari ya lolote, akamwambia kwa heshima zote, "Baba, vua kofia upate hewa, hapa ni kwako." Akavua. Watu wakapigwa na butwaa, mama mkwe ambaye alikuwa ameshaona akaanza kulia upya, na mjomba wangu akasogea, akavaa miwani, akasema, "Hii si ile kona ya jana?" Kisha akaweka kidole juu ya kichwa cha baba mkwe, hata hodi hakupiga. "Tazameni, tairi lilikuwa ndani, hapa. Kijana wa watu kaonewa." Kaka yake mama mkwe akasema hapana, kachelewa breki, na yeye akaweka kidole chake, akaja mwingine na chake, na kabla sijajua kinachoendelea familia mbili zimezunguka kichwa cha mzee zinabishana, na aliyekumbuka kwamba kuna harusi ni mchumba wangu peke yake, amesimama mlangoni na trei ya chai mpaka chai imepoa.

Mzee akainuka, vidole vikadondoka. Akasema harusi itaendelea siku nitakaposimama mbele ya familia zote mbili niseme kwa mdomo wangu kwamba Chuma alikosea na waamuzi walikuwa sahihi. Tangu hapo anatembea bila kofia, sokoni, benki, kila mahali, akiulizwa anajibu, "Muulizeni mkwe wangu." Nimekwenda kwake kuomba radhi mara kadhaa, kila nikienda tunaanzia kwenye nywele tunaishia kwenye kona. Mchumba wangu anafanya kazi kwenye duka la miwani, kazi yake ni kupima watu macho, ameniambia hajawahi kukutana na wanaume wawili wenye macho mazima wasioona kitu kama sisi, akaniambia, "Sema hayo maneno yaishe, au huyo Chuma ndiye atakayekuzalia watoto?" Nampenda, Mshauri, mlango wa duka ukifunguka moyo unanilipuka nikidhani ni yeye, na siyo yeye. Lakini ndoa niianze na uongo? Maana tairi lilikuwa usawa. Nimekuwekea na mchoro humu ndani ya bahasha.

Ni mimi,
Kinyozi Aliyeonewa

MSHAURI ANAJIBU

Pole, kinyozi. Hiyo ndiyo pole yako ya kwanza na ya mwisho leo, kwa hiyo itunze.

Kwanza tulirekebishe hilo jina. Aliyeonewa ni mzee wa watu, aliyeingia dukani kwako na nywele akatoka na barabara. Unaniambia nizingatie kwamba alisema "nionyeshe". Mwanangu, mteja akimwambia fundi cherehani nionyeshe urefu wa suruali, fundi hamwonyeshi kwa mkasi. Una vidole, una chanuo, una makopo ya mafuta rafu nzima, ungeyapanga mezani yakawa magari, la bluu akawa Chuma, mkamalizana hapo. Kichwa cha mtu si ubao, na cha mkwe ndiyo kabisa.

Pili, barua yako nimeisoma na kalamu mkononi. Huyo binti unayesema unampenda umempa mistari michache, hata gauni alilovaa siku ya kikao chake mwenyewe sikulijua. Tairi ndilo nimelijua, lilikotoka, lilikofika na lilivyosimama. Mtu asiyekufahamu angedhani unataka kuoa tairi. Huyo msichana alisimama mlangoni na trei huku watu wazima wakigombania kichwa cha baba yake, na hakuna hata mmoja aliyempokea, wewe ukiwemo. Hapo ndipo niliposikitika kweli, na sikusikitika kwa ajili yako.

Sasa swali lako, useme uongo? Hapana. Mzee huyu maisha yake yote amekaa pembeni ya watu wanaosema "nimeangalia kioo, mwalimu" na hawajaangalia, ukimdanganya atajua kabla hujafunga mdomo. Lakini kati ya kusema uongo na kusema kila unachokifikiria kuna nafasi kubwa, magari mawili yanapita bila kugusana. Mimi hiyo kona nimeitazama. Nilisema naitazama mara moja tu kwa ajili ya kazi, mume wangu akaja akanikuta bado narudisha nyuma. Nina maoni yangu, tena makali. Unaona? Sijayasema, na bado napumua.

Tatizo lako ni hilo neno "lakini". "Nisamehe baba, lakini kona ndivyo ilivyo." Hiyo si radhi, hiyo ni rufaa, na mzee ameshachoka kusikiliza rufaa zako. Ninavyomwona mimi, hana shida na Chuma. Amepoteza nywele anazojivunia, siku ya kikao cha binti yake, mikononi mwa mkwe aliyemkubali mwenyewe, halafu ndugu zako wakamgeuza ramani. Ameumia, na hajui aseme vipi kwamba ameumia, ndiyo maana ameng'ang'ania waamuzi. Na yeye pia ana makosa yake, usidhani simwoni. Kumsimamishia mtoto harusi kwa ajili ya mbio ni utoto, na kwenda nazo benki kichwani ni utoto wa kiwango cha juu. Ila aliyeniandikia ni wewe, kwa hiyo ninayemtuma ni wewe.

Mjomba wako asikanyage huko mpaka harusi ipite. Nenda mwenyewe, asubuhi, na kitambaa chako na mashine yako, na hiyo mashine uichaji ijae, maana ikizimika katikati ya kazi mimi simo. Toa shikamoo yako. Kisha mwambie, "Baba, nilikunyoa bila ruhusa yako na nikakuaibisha mbele za watu. Nisamehe." Ishia hapo. Ukisikia "lakini" inapanda kooni, kohoa. Halafu vuta kiti, ukae wewe, ujifunge kitambaa, umpe mzee mashine, umwombe akuchoree kona kama alivyoiona yeye.

Atakataa kidogo. Mwache akatae, ataichukua tu, sijawahi kuona mwalimu akakataa ubao. Ataanzia sikioni, atakueleza breki, atakueleza vioo, atakueleza na alama za barabarani ambazo kwenye mbio hazipo. Na ataichora vibaya. Utasikia kwenye ngozi kabisa kwamba pale hakuna mkunjo na kwamba amempa Bwana Subira wake nafasi ambayo hakuwa nayo. Nyamaza. Najua ni vigumu, nyamaza hivyohivyo. Akimaliza mtakuwa vichwa viwili vyenye kona mbili, ushahidi wa pande zote umepatikana, na hapo ndipo utakapomwomba ruhusa, umwombe kweli, umnyoe vizuri na yeye akunyoe wewe. Kama bado atataka hotuba mbele ya familia sijui, nadhani hataitaka, maana mkishatokea wote wawili na vipara hakuna atakayewasikiliza.

Mchumba wako mwombe awepo, na safari hii akija na trei mpokee. Mzee akimaliza kukuchora usiombe kioo. Mgeukie binti, umwulize, "Imekaaje?" Akicheka, harusi ipo.