Mama Amekwenda Kumwona Kiboko Wako

Kijiji cha Mandawa,
Ruangwa, Lindi.
18 Agosti 2005

Mpendwa mdogo wangu Saadi,

Asalaam aleykum. Uko salama huko masomoni Ujerumani? Ile baridi uliyotuandikia ulipofika imekuachia masikio? Sisi huku ni wazima kabisa. Ufuta tumeshaukung'uta, mikorosho imejaa maua, na mume wangu Hemedy bado anakoroma kama mashine ya kusaga. Ningekusalimia kurasa mbili, lakini nina habari imenikaa kooni tangu tuliporudi Jumamosi, na nisipoitoa nitapasuka.

Mama amekwenda kumwona kiboko wako. Soma tena, hujakosea.

Nianze mwanzo usije ukanilaumu. Unajua mama alikuwa na mtoto wa jicho. Mwezi uliopita nikampeleka Dar es Salaam, maana siku hizi daraja la Rufiji lipo na safari si ya kulala njiani tena. Tukafikia kwa mjomba Ausi, Temeke, akapasuliwa salama, na sasa lile jicho la kulia linaona mpaka sisimizi. Siku alipofunguliwa bandeji nikadhani atataka kuona maghorofa. Akaniambia, "Nipeleke nikamwone huyo mnyama anayelishwa na mwanangu." Alisema kwa sauti ile yake ya kukata kesi.

Mdogo wangu, niliogopa. Ni miaka kumi na moja tangu kiboko amuue baba kwenye shamba letu la mpunga kando ya mto Mbwemkuru, na mama alikuwa hataki hata kusikia jina la mnyama huyo. Ulipopata kazi kwenye bustani ya wanyama ya Dar alisema amezaa mtu wa kumlisha muuaji wa baba yake. Na wewe ndiyo hivyo, umemweka Munira wa watu mwaka wa tatu huu, eti huoi bila radhi ya mama. Nikasema moyoni, leo ama radhi inapatikana, ama inapotea moja kwa moja.

Tulifika saa nne asubuhi. Watu walikuwa wamejaa kwenye uzio. Bonge wako yumo ndani ya bwawa lake la saruji, yanaonekana masikio na pua tu. Mama akajifunga kanga kiunoni, akamkazia macho. Nikaona midomo inamcheza, nikajua maneno ya miaka kumi na moja yanatafuta njia ya kutoka.

Mara akatujia Fortunatus, yule mwenzako anayekushikia kazi, na ndoo yake mkononi. Nikamwambia huyu ndiye mama yake Saadi. Alifurahi sana, akauliza kabila, mama akajibu, Myao.

"Basi shikamoo sitoi," akasema yule kijana. "Mimi Mngoni wa Songea. Na huyu unayemtazama aliokotwa mtoto mtoni Ruvuma, kwetu kule. Mngoni mwenzangu. Ni mtani wako huyu."

Mbona jambo hili hukuwahi kutuambia, Saadi?

Mama akamgeukia. Unakumbuka siku ya msiba wa baba, mzee Eustace, mtani wetu wa Nachingwea, alijilaza mlangoni kuzuia jeneza mpaka apewe kitu, kama watani wafanyavyo, na mama akamfukuza. Watu walinong'ona kwamba mtani hafukuzwi msibani, ukimfukuza kilio hakiishi. Na kweli nyumbani kwetu hakikuisha. Kwa hiyo pale kwenye uzio nilikuwa nangoja tu na Fortunatus naye afukuzwe.

Hakumfukuza. Alisema taratibu, "Kumbe Mngoni. Ndiyo maana ana mdomo mkubwa."

Fortunatus alicheka mpaka nusu ya ndoo ikamwagika. Hapo mama akafunguka. Alimtukana yule kiboko, mdogo wangu, nikatamani ungekuwepo. Akamwambia hana shingo, miguu ameazima, anashinda majini tangu asubuhi na bado hajatakata, wapiganaji gani hawa Wangoni wanaojificha kwenye dimbwi. Watu wakasogea kusikiliza. Katikati ya matusi akasema, "Na mlimuua mume wangu, washenzi nyie." Fortunatus aliinamisha kichwa akajibu, "Tumekosa, mtani." Mama akalia mbele za watu wote wale, nami nikalia. Ni mara yangu ya kwanza kumwona analia tangu tulipomzika baba.

Sasa sikia. Bonge kusikia ndoo inagongwa akajitokeza, akafumbua lile domo. Vijana wawili wenye kapelo waliosimama karibu nasi wakamrushia chupa ya plastiki ikaingia mdomoni, wakacheka. Kabla Fortunatus hajasema neno, mama ameshamkamata mmoja ukosi.

"Fumbua na wewe nikutilie takataka," akamwambia. "Aliyefungwa hatupiwi uchafu, hana pa kukimbilia. Mimi namtukana kwa kuwa ni mtani wangu. Wewe ni nani kwake?"

Kijana wa watu aliomba radhi mara tatu. Bahati nzuri Bonge aliitema ile chupa. Mimi nilikuwa nimeshika mdomo, sijui nicheke au nikimbie.

Tulikaa pale mpaka adhuhuri. Mama aliuliza anakula nini, nani anaosha bwawa, mbona yuko peke yake. Fortunatus akamwambia ulipoondoka Bonge aligoma kula siku nne, anatazama tu ule mlango unaotokea wewe. Niliona neno hilo limemwingia mama. Nikamsimulia na yale uliyoandika, kwamba huko viboko wana nyumba ya maji ya moto na ukuta wa kioo, watu wanawaona wakitembea chini ya maji. Akasema Wazungu wana kuni za kuchezea, sisi wenyewe tunaoga ya baridi. Hata hivyo ameagiza ujifunze vizuri, ukirudi uwaambie wakubwa wako kwamba bwawa lile ni dogo na mtani wake atafutiwe mwenzake.

Hapa kijijini kila mtu ameshaisikia habari hii, na kila mama akiisimulia kiboko anazidi unene.

Mjomba Ausi anakusalimu sana, na Hemedy pia. Munira alipita jana. Nilipomweleza alijifunika uso na kanga, akaondoka bila kuaga, nikamsikia anacheka njiani.

Mama amekaa hapa mkekani ananisimamia niandike maneno yake bila kupunguza. Anasema hivi: "Saadi mwanangu, kumlisha aliyefungwa si dhambi. Radhi nimekupa, tena kwa moyo mweupe. Kaoe. Lakini baba yako naye aliwajua viboko wa Mbwemkuru mmoja mmoja, na aliwapa mgongo siku moja tu. Wewe usimpe mgongo. Nimesamehe mara moja, mara ya pili sitaweza."

Mwenyezi Mungu akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Dada yako akupendaye na kukusumbua,
Zuena