Kikuba cha Bibi na Sauti ya Pili

Mpendwa Bi Shemsa,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba pia jina langu lisitiwe gazetini. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema mtu asiyetia jina chini ya barua yake ni mwoga, na mimi nakubali, lakini ukishasoma utaona kwamba ninayemwogopa anastahiki kuogopwa.

Mimi ni msichana wa darasa la kumi katika skuli moja hapa mjini, nakaa Kiponda na bibi yangu mzaa mama, na ninaimba katika kwaya ya skuli, sauti ya pili, ambayo Mwalimu Jaku anayetufundisha huiita alto. Kama hujapata kuisikia usijilaumu, Bi Shemsa, kwani haisikiki. Tulichaguliwa kwa uangalifu mkubwa: Mwalimu Jaku alitupanga ukutani, akabonyeza kinanda mara tatu, walioweza kupanda wakapelekwa mbele penye dirisha na upepo, na sisi tulioishia njiani tukapelekwa nyuma karibu na kabati la chaki, tukaambiwa tufurahi kwa sababu sisi ndio nguzo za kwaya. Tumefurahi sana. Katika wimbo wetu wa karafuu wenzetu wa mbele hupanda na kushuka kama wako kwenye bembea za sikukuu Mnazi Mmoja, na sisi hushikilia noti moja kwa silabi kumi na moja, nimezihesabu, na tukishaimaliza hupewa nyengine iliyo jirani yake, tusije tukachoka kwa safari. Tukiimba sawasawa hakuna anayejua kama siku hiyo tulikuja skuli, na tukikosea, hata mzee anayefagia uwanja husimama na fagio lake. Akija mgeni akauliza nani aliyeimba vizuri vile, huoneshwa Tamima, kisha huambiwa kwamba na sisi tulimsaidia.

Lakini nitakuwa muongo, na uongo nimeshausema wa kutosha, nikisema kwamba siipendi. Kuna mahala katika ubeti wa pili ambapo sauti ya Tamima inashuka na yangu inapanda kidogo, zinakaribiana mpaka nusura zigusane, halafu zinaachana tena, na hapo husikia kitu kinatetemeka kifuani ambacho si changu peke yangu wala si cha Tamima, na vinyweleo vya mikono hunisimama, na kila siku ya mazoezi napasubiri mahala hapo kama mtoto anavyoisubiri Idi. Haya sijamwambia mtu.

Sasa shida yangu. Bibi haoni vizuri, ana mtoto wa jicho, lakini masikio yake ni mazima kupita kiasi. Ujanani alikuwa akipiga dumbaki, ile ngoma ndogo ya kupakata, katika kundi moja la wanawake la taarabu, na huko wote huimba wimbo mmoja kwa njia moja, hakuna wa kwanza wala wa pili. Siku moja nilikuwa uani nachagua mchele huku nafanya mazoezi ya sauti yangu, Bibi akaniita kutoka jikoni.

"Naam, Bibi."

"Wimbo huo mbona umeupotoa?"

"Sikuupotoa, Bibi. Hii ni sauti ya pili."

"Ya pili? Na ya kwanza kaichukua nani?"

"Tamima."

"Basi kesho mwambie akurudishie. Hukuzaliwa kuguna nyuma ya watu wewe."

Nikajaribu kumweleza kwamba sauti mbili zikiimbwa pamoja ndipo wimbo unapokamilika, akasema, "Mwanangu, mimi nshasikiliza nyimbo miaka arubaini. Hayo unayoyaimba ni mtu anatafuta viatu vyake mlangoni mwa msikiti." Basi mimi, ili nimridhishe tu, nikaimba njia ya Tamima. Bibi akaweka mwiko chini. "Hapo! Hapo ndipo penye wimbo! Kumbe unao, unauficha!" Nilitaka kumwambia kwamba ule si wangu, lakini alikuwa anacheka, na tangu alipofariki babu sijamsikia akicheka vile, na kesho yake akanitaka niuimbe tena, na sasa kila alasiri naimba ubeti wa Tamima na kupewa kashata.

Tarehe ishirini na nane mwezi huu kwaya yetu inakwenda kuimba redioni, moja kwa moja, jioni baada ya taarifa ya habari. Tamima ana ubeti wa peke yake. Bibi amemwambia Bi Shariffa wa nyumba ya pili kwamba ubeti ule ni wa mjukuu wake, na kumwambia Bi Shariffa ni sawa na kukitangaza kitu redioni kabla ya siku yake. Wamealikwa wanawake saba. Na kwa kuwa muimbaji wa redioni hawezi kutuzwa mkononi, Bibi ameagiza kikuba, kile kishada cha asumini na mrehani cha kubandika kifuani, na ubeti ukianza tu atainuka mbele ya watu wote akibandike juu ya redio.

Wala hayo siyo yote. Kwa kuimba njia ya Tamima kila siku nyumbani, sikio langu limeharibika. Jumamosi iliyopita niliingia ubeti wa pili kwa sauti ya kwanza bila ya kujijua. Mwalimu Jaku akasimamisha kinanda. "Nani huyo huko nyuma anayemfuata Tamima kama kungwi anamfuata bibi harusi?" Wenzangu wakacheka, na Mwalimu akasema nikirudia mara moja tu, nafasi yangu atapewa Mwanakheri, ambaye anaisubiri tangu Ramadhani.

Nimefikiri nimuombe Mwalimu anitie sauti ya kwanza, lakini siwezi kufika kule juu isipokuwa uani kwetu. Nimefikiri siku hiyo niimbe njia yangu kwa nguvu sana ili Bibi anisikie. Nimefikiri pia kuumwa. Nifanye nini, Bi Shemsa, nisimvunje moyo Bibi na nisiikose kwaya? Tafadhali nijibu. Mimi ndiye ninayemsomea Bibi gazeti kila Ijumaa baada ya sala, na ukurasa wako ndio anaoupenda kuliko yote, lakini usijali, wiki hiyo nitauruka, nitamwambia muuza njugu ameufungia njugu.

Wako mtiifu,
Wa Safu ya Nyuma, Kiponda


Marahaba, mwanangu wa Safu ya Nyuma.

Jina lako nimelificha kama ulivyotaka. Wewe umenisaidia kazi hiyo vizuri sana: umenipa mtaa, darasa, mwalimu, mwenzako, jirani, tarehe, na bibi mwenye mtoto wa jicho aliyealika wanawake saba na kuagiza kikuba. Kiponda nzima ina bibi wangapi wa namna hiyo? Bi Shariffa akishafunuliwa ukurasa huu hatohitaji kuulizia jina. Atahitaji buibui lake tu, na yuko njiani.

Kwa hiyo hilo la kuruka ukurasa lifute. Utamwambia Bibi umefungiwa njugu, na nusu saa baadaye Bi Shariffa atamletea njugu na ukurasa.

Nakuhurumia, usidhani sikuhurumii. Mtu mzima kakupa kicheko ambacho hukukisikia tangu msiba, ukaogopa kumnyang'anya. Hilo nalielewa. Nisilolielewa ni hesabu zako. Bibi yako alikuwa jikoni, moshi machoni, wewe uko uani na ungo, akajua kwamba wimbo umebadilika. Bibi huyo huyo unataka akae mbele ya redio, asikie koo la Tamima, aseme, "Huyo mjukuu wangu"? Atajua kabla Tamima hajamaliza neno la kwanza. Na wakati huo ameshasimama, kikuba mkononi, wanawake saba wanamtazama. Wewe uko salama huko studio karibu na kabati jengine. Nani atakayebaki na aibu hapo? Ulifikiri kuumwa, ukafikiri kupiga kelele, hilo hukulifikiri.

Kuhusu kuimba kwa nguvu ili usikike, hongera kwa uvumbuzi. Wenzako wote waharibikiwe, Mwalimu Jaku aaibike kisiwa kizima, ili Kiponda wasikie noti moja kwa silabi kumi na moja. Mwanakheri atakushukuru sana.

Sasa nisikilize. Kuanzia leo njia ya Tamima usiiimbe tena, si uani, si chooni, hata kwa kashata. Imba yako mpaka sikio lako lirudi. Bibi akisema umepotoa, sema, "Ndivyo ilivyo, Bibi," uendelee kuchagua mchele. Kesho asubuhi nenda kwa Tamima. Mueleze yote, na kama atacheka muache acheke, ni haki yake, umemtumilia ubeti wake wiki nzima bila ya kumuomba. Kisha umlete nyumbani. Mkae uani, Bibi akae katikati yenu, Tamima upande mmoja na wewe upande mwengine, na muimbe ule ubeti wa pili, sauti zote mbili, polepole, mpaka mfike hapo mahala panapokusimamisha vinyweleo. Usimfafanulie kitu. Umejaribu kumfafanulia, umeona. Mtu wa masikio humfafanulii, humsikilizishi hotuba. Unamwimbia.

Hilo ndilo jibu lako, na lingetosha. Lakini umenambia neno moja ukalipita haraka, na mimi nimelirudia.

Umesema Bibi alikuwa akipiga dumbaki. Hukusema aliimba. Basi leo soma vizuri, kwa sauti, usiruke mstari, kwa sababu kuanzia hapa sisemi na wewe.

Bi Mkubwa, shikamoo. Mjukuu wako ndiye anayekusomea haya. Usimkemee bado. Alikudanganya kwa kuwa alikupenda, na hilo mtalimaliza nyinyi wenyewe. Mimi nina suala moja tu kwako. Miaka yote ile ulikaa nyuma ya muimbaji, ngoma pajani. Watu waliinuka, wakapita mbele yako na vikuba vyao, wakaenda kumtuza aliyesimama mbele. Ulipokuwa unapiga sawasawa hakuna aliyegeuka kukutazama. Ungepoteza pigo moja, harusi nzima ingekutazama. Nambie kweli: siku ngapi ulirudi nyumbani ukatamani mtu mmoja tu ajue kwamba bila yako wimbo ule usingesimama?

Basi unaye mtu huyo ndani ya nyumba yako, na kumbe amekurithi. Ulitaka awe mbele kwa sababu unajua nyuma kulivyo. Lakini nyuma huko yeye amepata kitu anachokipenda, na kakiandika vizuri kuliko mimi. Wanawake wako saba waache waje. Ubeti wa Tamima ukianza, kaeni. Ubeti wa pili utakapofika, wewe peke yako katika chumba kile ndiye utakayejua pa kusikiliza. Na kikuba usikibandike kwenye redio, redio haina pua. Mtie mjukuu wako kifuani kabla hajatoka kwenda kuimba.

Na wewe mtoto, sasa weka gazeti chini. Anakusubiri. Anza na ile noti yako ndefu.

Bi Shemsa