Nilisema Nimetoka Manyovu

Kibondo, Jumatatu

Damasi, mjukuu wangu, mume wangu mtoro,

Kama miguu yako imekatika, niambie nikulilie. Kama ni mizima, huna haya. Basi la Kasulu linafika hapa Kibondo kila siku ya Mungu, linashusha wauza samaki wa migebuka, linashusha walimu, linashusha hata watu wasio na bibi. Wewe tu halikushushi. Tangu maharage yachanue mpaka yamepukuchuliwa! Haya, nakusalimu kwa Kiha chetu: mwidiwe. Unakula? Nyumba yangu ya Heru Juu unaifagia, au umewaachia kuku? Mimi mgongo unauma, roho inauma zaidi, meno yaliyobaki yanatafuna.

Anayeandika ni Mwalimu Zuhura, mpangaji wa shangazi yako Anjela, mtu wa Tanga. Kiswahili chake kimenyooka. Nimemwambia asininyooshee maneno.

Nilikuja kumkanda shangazi yako alipojifungua. Wiki mbili, nilisema. Sasa mtoto anakaa mwenyewe, mimi bado niko hapa. Kisa umekisikia vipandevipande kwenye simu; leo kisikie chote.

Kabla ya kuja nilipitia Manyovu kumwona mdogo wangu Yustina, na ule uvimbe wake wa tumbo. Nililala kwake siku mbili, nikapanda gari. Tulipokaribia Kibondo tukashushwa kwenye kizuizi cha barabarani. Ile operesheni ya kutafuta wahamiaji. Afisa mmoja kijana akaniuliza, "Bibi, umetoka wapi?" Sasa mtu akikuuliza umetoka wapi, si unamwambia ulikolala? Nikamjibu, "Nimetoka Manyovu, baba." Akaandika. Kumbe kwenye karatasi yake umetoka wapi maana yake kwenu ni wapi. Manyovu ni mpakani na Burundi, basi mimi nimevuka. Nilipojaribu kumweleza, mwenzake akasema, "Hata lafudhi yake ni ya ng'ambo." Wakachukua kadi yangu ya kura, wakanipa barua: nisitoke wilaya hii mpaka uchunguzi uishe, na kila Jumatatu niripoti ofisini kwao.

Nimeripoti mpaka mbwa wa ofisi amenizoea. Nikiuliza, naambiwa faili liko mkoani. Faili limefika mkoani, mimi hata Kasulu sifiki!

Jumatatu iliyopita nilichoka. Nilibeba kile kitabu chako cheusi cha chuo, ulichoandika habari za haki za binadamu katika utawala wa umma. Huwa natembea nacho kwenye kitenge. Ulinionyesha mwenyewe ukurasa wa mbele wenye jina langu: kwa bibi yangu, Tereza wa Heru Juu, aliyenisomesha kwa jembe. Nikakiweka mezani kwa yule yule kijana.

"Nini hiki, bibi?"

"Cheti changu cha kuzaliwa. Soma."

Akasoma. Akafungua katikati, akasoma kwa sauti, kwamba mtumishi wa umma asimwamulie mtu jambo kabla ya kumsikiliza. Akatabasamu kama aliyekutana na mtu wa kwao. "Haya tuliyasoma chuoni, bibi. Yalitoka kwenye mtihani."

"Ukafaulu?"

"Nilipata A."

"Basi nisikilize."

Akakifunga kitabu polepole. "Hiki si kielelezo, bibi. Hakina muhuri."

Mwalimu Zuhura ameacha kuandika, anacheka huku anafuta macho. Andika, mwanangu.

Si mtu mbaya, Damasi. Hilo ndilo linanitisha. Alinipa kiti, akaniletea maji. Angekuwa mbaya ningemtukana nikapoa. Huyu ana adabu, ana A, na njia ameninyima.

Jana Yustina kapiga simu. Sauti imekuwa ya mtoto. "Dada, utakuja lini?" Niende vipi? Nikitoroka kwenda Manyovu watasema, mnaona, amerudi kwao. Nikikaa, atakufa akidhani nimemkimbia. Sijatiwa ndani. Nakula, naoga, nabembeleza mtoto. Lakini ni kama mbuzi wa kigingi: majani anayo, ila anajua kamba inakoishia.

Nawe ukanitumia ujumbe: bibi, subiri utaratibu, mimi ni mtumishi wa serikali, nikija itaonekana upendeleo. Nilimwambia Mwalimu arudie kusoma, nikidhani amekosea. Upendeleo! Nimekuomba uniibie muhuri? Upendeleo ni kuruka foleni. Mimi foleni yenyewe haisogei. Kitabu kile ulikiandika ili kimsaidie nani? Au na wewe ulikiandikia mtihani?

Nisalimie jirani yetu mfinyanzi, chungu changu asikiuze. Msalimie katekista, amwombee Yustina kwa jina lake, asimfiche ndani ya "wagonjwa wote". Shangazi yako anakusalimu, na mtoto wake pia. Amepewa jina lako, kwa hiyo jihadhari tusije tukalibadilisha.

Jumapili panda basi. Jumatatu asubuhi tutakwenda wote. Kitambulisho chako cha kazi kiache mfukoni, usijiite afisa. Simama mbele ya ile meza useme: naomba bibi yangu asikilizwe. Na yule kijana akikuuliza umetoka wapi, usimjibu Kasulu. Mwambie umetoka mgongoni kwangu.

Bibi yako,
Tereza wa Heru Juu