Kifua cha Idi

Jumatatu, 6 Agosti 1951
Baada ya kazi, kunyanyua mtaimbo. Mzito, mara tatu tu, kama kawaida. Mikono yangu haijanenepa tangu mwaka jana, lakini magunia ya stesheni yananijua. Idi, mchukuzi mpya kutoka Sikonge, ana kifua kama mlango. Simwamini. Hajawahi kuugusa mtaimbo wetu.

Alhamisi, 9 Agosti
Nyapara anatafuta mtu mmoja wa kupakua mitambo. Mshahara mzuri zaidi. Wote wamemtazama Idi. Mimi hakuna aliyenitazama.

Jumamosi, 11 Agosti
Nimechungulia uani kwake. Ndiyo, nimechungulia. Ananyanyua chuma chembamba chenye makopo mawili ya zege. Mkewe angekibeba kwa mkono mmoja. Mara kumi na mbili, anapumzika kidogo, anaanza tena. Jasho tele. Uzito mdogo hivyo, mwili mkubwa hivyo? Kuna dawa. Lazima kuna dawa.

Jumapili, 12 Agosti
Mahubiri sikuyasikia. Dawa tu kichwani.

Jumatano, 15 Agosti
Jaribio la kazi ya mitambo, mbele ya bohari. Ekseli ya toroli. Nimeiinua hadi kifuani. Idi hakuifikisha magotini. Watu wamecheka. Yeye hakushangaa. Alijua hataiweza. Hilo ndilo linalonisumbua.
Kazi nimepata. Furaha sina.

Ijumaa, 17 Agosti
Nimekwenda kwake, nikamwuliza waziwazi anatumia nini.
"Viazi, karanga na yale makopo."
Nikamwambia ananificha. Akafunga vifungo vya shati. Kisha: "Mwaka juzi niliugua kifua kikuu. Mke wangu alinibeba mgongoni hadi hospitali. Nilipopona, kila nilikoomba kazi walitazama mbavu zangu. Sikutafuta nguvu, Mathayo. Nilitaka wasizione."
Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Hakuingia.
Neno langu moja kwa nyapara, na kazi hana. Wote wawili wanajua.

Jumatatu, 20 Agosti
Nyapara kaniuliza: mwili ule ushindwe na ekseli, ana ugonjwa gani? Nimesema hana. Hajazoea mizigo mizito tu. Amenitazama sana. "Haya, abaki kwenye magunia."
Nimeionea haya wiki nzima iliyopita.

Jumapili, 26 Agosti
Mazoezi uani kwa Idi. Leo kaniachia makopo yake. Nilipofika mara ya tisa mikono ilikuwa inawaka moto. Akacheka mpaka akakohoa. Nikaacha kuhesabu, nikasikiliza. Hakukohoa tena. Tukaendelea.